Meza ya Dirishani

Mke wangu nilimwacha kwa neno moja, Alhamisi jioni, vikombe vya wageni vikiwa bado juu ya meza. Kumrejea nikataka nimrejee kwa chakula cha Kifaransa. Nnaandika haya mwenyewe, sikusingiziwa na mtu, na anayetaka kunicheka anicheke, ana haki yake.

Ilikuwa talaka moja. Kwa asiyejua mambo yetu: ukimwacha mke talaka moja anakaa eda, na ndani ya eda hiyo mlango bado uko wazi. Humposi tena, hutoi mahari, humuulizi hata kama anataka. Unasema nimekurejea, mbele ya mashahidi wawili, na mke ni mke wako vilevile. Mwanamke aliyekwisha vuka umri wa kuzaa, kama alivyokuwa wangu, eda yake ni miezi mitatu. Ikipita hujasema kitu, umemkosa. Amekuwa mtu mbali, na ukimtaka ukapige hodi kwao kama mchumba yeyote. Haya nnayajua tangu chuo cha Kurani, nikiwa na miaka tisa, mwalimu kashika bakora. Kuyajua hakukunisaidia.

Na nilimwacha kwa sababu gani? Kwa sababu ya wali wa maziwa. Wallahi naona haya kuandika.

Yeye hakuzaliwa Unguja kama mie. Baba yake alikuwa na duka Bujumbura, na yeye na kaka zake wawili walisoma kule, shule ya Kifaransa, kabla ukoo wao wote haujarudi Omani. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mtu mzima aliyetoka Normandi, kaskazini ya Ufaransa, kwenye ng'ombe wengi na miti ya matofaa. Siku za sikukuu mwalimu huyo akiwapikia watoto wali wa maziwa na mdalasini. Anautia katika bakuli la udongo, anauingiza ndani ya oveni kwa moto mdogo kabisa, masaa matano, mpaka juu unafanya ngozi ya rangi ya kahawa. Mke wangu aliula mara tatu au nne utotoni, na hakuusahau. Kwetu alijaribu kuupika, haukutoka. Akisema ngozi haikukubali.

Basi ukafunguliwa mkahawa hapa Omani tunapoishi, upande wa Qurum, wa mapishi ya huko huko Normandi. Aliusoma kwenye simu akaja kunionesha, na wali wenyewe upo, picha yake ile pale. Akasema, "Siku moja unipeleke." Nikamjibu, "Nikalipie wali wa maziwa? Bibi yangu akiupika kwa kuni na hakuuita Kifaransa." Watu wakacheka, maana nilisema mbele za watu. Mie nna tabia hiyo, nikipata neno la kuchekesha silimezi. Na hilo nililirudia miaka minne. Kila akiutaja ule mkahawa namtoa bibi yangu na kuni zake, na kila mara yeye anatabasamu kidogo na kutazama pembeni.

Kisha nikastaafu. Miaka thelathini nimekaa wizarani, nna meza yangu, nna mihuri yangu, watu wananiinukia nikipita. Nikarudi kukaa katika flati yetu hapa Ruwi, ghorofa ya nne, kuanzia asubuhi mpaka usiku, na kazi yangu ikawa kukaa kwenye kiti cha jikoni na kusema. Kitunguu kimeungua. Nazi nyepesi. Mbona leo bamia? Alivumilia, masikini. Sikumwona kama anavumilia. Niliona tunazungumza.

Alhamisi hiyo walikuja wenzangu wa zamani wa wizarani kunywa chai. Alipika sambusa, vitumbua na katlesi, akaleta, akatoa, akaleta tena. Adhana ya Magharibi ikatushusha msikitini, wenzangu wakaagana na mie pale pale, nikapanda juu peke yangu. Televisheni ilikuwa inatangaza kuwa mwezi umeonekana, kesho ni mosi Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi. Yeye anakusanya vikombe kwenye sinia. Akasema, wala hakupandisha sauti, "Miaka thelathini na moja naweka sahani mbele za watu. Nataka mara moja tu nikae mahali, mtu mwengine aniwekee mimi."

Ningesema inshallah. Neno jepesi hilo, halimgharimu mtu kitu. Lakini wenzangu walikuwa wametoka kunisifu, kichwa kimejaa upepo, nikaona nasutwa ndani ya nyumba yangu. Nikasema, "Kama umechoka kuweka sahani, pumzika. Nimekuacha."

Aliliweka sinia. "Umesema?"

"Nimesema."

"Ngapi?"

"Moja."

Akatikisa kichwa, akajitanda kanga, akatoka. Nikamsikia anapanda ngazi kwenda darini, juu ya paa la jengo. Nikadhani kaenda kuanua nguo. Sisi Ruwi tumezungukwa na majabali pande zote, dirishani huoni kitu, na nguo zetu zinakauka juu ya dari. Alikaa huko kiasi cha robo saa, akarudi mikono mitupu.

Kabla ya Isha nilikuwa nimeshajuta. Hilo nalisema wazi, maana watu wanadhani mwanamme anayeacha anakuwa na moyo wa jiwe. Ningeweza kumwambia pale pale, kaka zake wakaja wakashuhudia, mambo yakaisha kwenye kahawa. Lakini nikajiambia, nikirudi leo leo ntaonekana mpuuzi, naacha na kurejea ndani ya saa moja. Nikangoja kesho. Kesho ikawa na uso wake mgumu. Wiki ya pili nikapata wazo, na wazo hilo nikaliona ndiyo akili kubwa niliyopata kuwa nayo. Ntampeleka kule kule kwa Wafaransa. Akae, mtu amwekee sahani, wali uje na ngozi yake, na mie niseme hapo nimekurejea. Aibu niifute mahali pale pale ilipoanzia. Miezi mitatu ni mingi, wakati upo. Nikachukua simu, nikahesabu tarehe kwa tarehe, nikaweka ukumbusho. Siku ya mwisho ikaangukia Ijumaa.

Eda alikaa ndani ya nyumba yangu, kama inavyotakiwa. Alihamia chumba cha binti yetu aliyeolewa. Na kila siku baada ya Alasiri alikoga, akavaa kanga mpya, akafukiza udi, akaja kukaa sebuleni, kiti cha mbele yangu. Sheria inamruhusu, tena ndiyo hekima ya eda yenyewe, mwanamme apate kukumbuka alichonacho. Mie nilikuwa nakumbuka sana. Nilikuwa nanusa ule udi na kucheka moyoni, nikisema, subiri, bibi, utaona nilichokuwekea. Nikafungua gazeti. Siku moja akaniuliza, "Huna la kusema?" Nikasema, "Lipo, lakini siku yake bado." Akainama, akawa anauchezea upindo wa kanga. Niliona kama anaona haya, mtu mzima yule, nikafurahi.

Jikoni alikuwa na kalenda, ile wanayogawa msikitini, yenye tarehe za Kiislamu kwa maandishi makubwa na za ofisini kwa madogo. Kila asubuhi alichukua penseli na kukata siku moja. Mie nimekaa pale kwenye kiti changu, nakunywa chai, namwona. Nilidhani anahesabu siku za mtungi wa gesi.

Mwezi wa tatu ulipokuwa ukingoni nilipiga simu mkahawani, ilikuwa Jumamosi. Akapokea mtu anayesema Kiswahili cha Kenya, nikafurahi. Akaniambia, "Mzee, huo wali tunauoka Alhamisi pekee, na lazima uagizwe mapema." Nikamwambia nataka Alhamisi, chakula cha mchana, watu wawili, meza ya dirishani. Akasema, "Alhamisi hii dirishani kumejaa. Nina meza moja tu, ile ya karibu na mlango wa jikoni. Dirishani itapatikana Alhamisi itakayofuata."

Mlango wa jikoni! Nikamwambia, bwana we, mwanamke huyu kakaa jikoni miaka thelathini na moja, leo nikamkalishe mlangoni mwa jikoni? Akacheka kwa adabu. Nikaangalia simu yangu. Alhamisi ya pili ilikuwa siku moja kabla ya ile Ijumaa. Nna siku nzima mkononi, nikasema, yatosha. Nikaandikisha meza ya dirishani.

Jumapili ya wiki ile ya safari yetu, nikamwambia. Alikuwa anakunja nguo. "Alhamisi nakutoa chakula cha mchana. Qurum. Kwa Wafaransa wako."

Mikono yake ikasimama. "Alhamisi ipi?"

"Hii inayokuja."

Akanitazama, akanitazama sana. "Si kabla?"

"Kabla meza haipatikani."

"Na kabla ya hapo huna la kuniambia? Leo? Kesho?"

"Ntakwambia huko huko," nikasema, na nilikuwa najivuna, Mungu anisamehe.

"Haya," akasema. "Ntakuja. Sitavunja ahadi." Akarudi kwenye nguo zake, akaikunja shati yangu moja mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena.

Jumatatu baada ya Magharibi alipanda darini. Aliporudi alisimama mlangoni mwa sebule. Alikuwa amevaa ile kanga mpya na udi juu yake. Akasema, "Mwezi umeandama."

Nilikuwa natazama khabari. "Mwezi gani sasa?"

"Mfunguo Tisa."

"Mashallah," nikasema, nikaongeza sauti ya televisheni. Alisimama pale kidogo, na kisha akaingia chumbani.

Jumanne asubuhi kaka yake mkubwa alikuja na gari. Mke wangu alitoka na sanduku moja na begi, akaniambia kwa heri, anakwenda kwao Wattaya. Na mie nikafanya nini? Nikamsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye lifti. Nilijua kwa nini anakwenda, nilijua kabisa. Anataka aje achukuliwe kwao, kwa heshima, kama mara ya kwanza. Anataka Alhamisi atoke nyumba ya kaka zake kama bibi harusi. Nikasema, wanawake bwana, hata uzeeni. Siku mbili zile nilipiga mluzi ndani ya nyumba.

Alhamisi nikavaa kanzu mpya na kilemba cha pashmina, nikajipaka manukato ya halud, nikafika saa saba mchana, nusu saa kabla ya wakati. Mkahawa mdogo, kuta nyeupe zenye mbao za kahawia zilizopita mshazari, na picha za ng'ombe wenye madoa wakila majani chini ya miti. Meza yangu ile pale dirishani, vitambaa vya mirabaraba ya buluu, ua moja katika gilasi, na nje minazi ya barabara ya pwani imepangwa sawasawa. Yule niliyesema naye kwenye simu alikuwa mtu mzima, mvi za kando, aproni nyeupe mpaka magotini. Akanikaribisha, "Mzee, umependeza sana leo." Nikamwambia leo ni siku kubwa. Nikamuuliza kama chakula kina mvinyo. Akasema, "Hakuna kabisa. Kule kwao wanatia pombe ya tofaa, hapa tunatumia juisi yake. Nyama zetu zote ni halali." Wali ulikuwa ndani ya oveni tangu asubuhi. Nilikuwa nausikia mdalasini.

Saa saba na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia. Baibui jeusi, shela imefungwa vizuri mpaka kidevuni, hakuna unywele. Na nyuma yake kaka zake, wote wawili.

Niliwaona wawili na moyo ukaruka. Wawili! Kurejea kunataka mashahidi wawili, na mie kwa ujinga wangu sikuwa hata nimelifikiria, nilidhani tutawaita baadaye. Kumbe yeye kanifikiria. Kajua nilichomwitia, kaleta mashahidi wake mwenyewe. Machozi yalinitoka kidogo, sikuyaficha. Nikaenda nikawakumbatia kaka zake mmoja mmoja. Yule mkubwa akasema, "Hujambo, bwana?" Miaka yote ananiita shemeji. Nililisikia lile bwana, na nikalipita.

Nikamnyooshea yeye mkono. Akaweka wake kifuani, akainamisha kichwa. Nikasema, haya ya mbele za watu.

Sasa meza ya dirishani ni ya watu wawili. Yule mhudumu akaitazama, akatutazama. "Mzee, hapa hamtatosha. Meza ya watu wanne iliyobaki ni moja tu." Mmeshajua ipi. Tukakaa karibu na mlango wa jikoni, unafunguka na kujifunga mgongoni mwangu, na ile ya dirishani wakapewa mume na mke wa Kizungu waliokuwa wanangoja. Niliudhika, lakini yeye alionekana hajali. Alikaa katikati ya kaka zake, mie peke yangu upande wa pili.

Kadi za chakula zilikuwa kwa Kifaransa na Kiarabu. Wale watatu wakasoma Kifaransa, na nilimwona mke wangu ananyooka uso. Wakawa wanaoneshana kwa kidole, yule mdogo anataja kitu, yeye anacheka, mkubwa anakumbuka duka, mvua, uwanja wa shule. Kumbe ana kicheko kingine, cha upande huo wa maisha yake, na mie sijapata kukisikia miaka thelathini na moja. Nilimtoa bibi yangu na kuni zake kila alipotaka kunionesha.

Aliagiza yeye kwa niaba ya wote: kuku aliyepikwa kwa malai, ile krimu ya maziwa, na matofaa. Akaja katika sufuria nzito ya chuma, malai yamekuwa mazito, matofaa yamekaangwa kwa siagi mpaka yamegeuka rangi. Harufu yake nzuri, sikatai. Nikakaa nangoja. Mie sijawahi kujipakulia mbele ya mke wangu. Ananitilia, ananichagulia paja, ananikamulia ndimu, ndivyo nilivyozoea. Safari hii alikaa, mikono mapajani. Kaka zake wakapakuliwa na mhudumu, yeye akapakuliwa, na mhudumu akaniwekea na mie, kifua, nisichokipenda. Nikaona, ndiyo, sawa, leo ni siku yake ya kukaa. Si ndiyo maneno aliyosema? Nikala kifua.

Sikungoja wali. Nilishindwa. Nilipomaliza kuku niliweka uma, nikafuta midomo, nikawatazama kaka zake. "Nyinyi ni mashahidi wangu." Nikamgeukia yeye. Nilikuwa nimejifunza maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Nimekurejea. Nimekosa, na nimekurejea."

Kaka mdogo alitazama sahani. Mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu, ukajifunga.

"Siku zimekwisha," akasema mke wangu.

"Hazijakwisha. Kesho ndiyo mwisho. Ijumaa. Nnayo hapa." Nikatoa simu nikamwonesha.

Hakuitazama. "Hiyo ni kalenda ya wizarani. Eda inahesabiwa kwa mwezi wa juu. Uliniacha usiku wa mwandamo wa Mfunguo Sita. Nilipanda darini nikauona mwenyewe. Sita, Saba, Nane. Tisa umeandama Jumatatu." Akanitazama mie. "Nilikuja kukwambia. Nilisimama mlangoni."

Nikamtazama kaka mkubwa, nikitumaini labda kuna njia. Akasema kwa upole, "Tumeuliza kwa sheikh. Ndivyo." Kisha akasema, "Ndiyo maana tumekuja naye. Isingefaa akae na wewe peke yake."

Hapo yote yakaniangukia pamoja, sanduku, lifti, mluzi wangu, mkono kifuani, lile bwana. Siku tatu. Mie mwenye chuo, mwenye miaka thelathini ya kuandika tarehe, nimepoteza mke kwa siku tatu. Na Alhamisi ya kabla meza ilikuwepo. Meza hii hii, mlango huu huu. Nililisema hilo kwa sauti, sijui kwa nini. Nikamwambia, "Alhamisi iliyopita walinipa meza hii nikaikataa. Nilitaka dirisha."

Akafumba macho. "Nilikuwa nakaa mbele yako kila siku," akasema. "Nilihitaji meza mie? Ungeniambia jikoni. Ungeniambia kwenye ngazi."

Mhudumu akatoka na bakuli la udongo, kalishika kwa vitambaa, uso umejaa furaha. "Huu hapa mama, masaa matano!" Akaliweka mbele yake. Ngozi ya juu ilikuwa ya kahawia na imepasuka kidogo pembeni, maziwa yanachemka chini. Akaipasua kwa kijiko, akampakulia yeye kwanza. Hakujua lolote, masikini, akatutakia chakula chema akaenda.

Nikafanya lililobaki. Kwao ndio hao, walii wake wa kumwozesha wamekaa kulia na kushoto. Nikasema, "Basi naposa. Hapa hapa. Nikah mpya, mahari mapya, anachotaka atakipata."

Kaka mkubwa akamgeukia. "Mwenyewe yupo. Muulize yeye."

Nikamuuliza. Nikamwita kwa jina lake, jambo nisilozoea, nikamuuliza kama atakubali kuolewa na mie.

Alikula kijiko kimoja kwanza. Akakaa nacho mdomoni, na machozi yakamshuka, hakuyafuta. Akameza. "Ni wenyewe," akasema, si kwangu, kwa kaka zake. Kisha akaniangalia. "Miezi mitatu ulikuwa na uwezo wa kunichukua bila ya kuniuliza. Ungefanya hivyo ningerudi, na ningefurahi, sikufichi. Kila jioni nilikuwa tayari. Sasa imebidi uniulize. Hii ndiyo mara ya kwanza unaniuliza kitu, na mie nimeliwaza jibu langu tangu Jumatatu usiku. Hapana."

"Fikiri."

"Nimefikiri. Hapana. Nimechoka kukungoja, na nimeona nikiacha kukungoja napumua."

Alimaliza wali wake wote. Aliongeza. Kaka zake walikula kidogo, kwa ajili yake. Mie niliwekewa nikauonja, na nasema kweli, si wa bibi yangu. Ni kitu kingine kabisa. Nilikikataa miaka minne kitu nisichokijua.

Alipoinuka alisema, "Ahsante kwa wali." Wakatoka watatu. Nilibaki pale mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama mama hakupenda chakula. Nikamwambia kakipenda sana.

Kalenda ipo bado jikoni. Alama zake za penseli zinaanza Ijumaa ile, siku ya pili ya neno langu, na zinakwisha Jumatatu. Themanini na nane. Nimezihesabu, na zote zilikatwa mbele yangu nikinywa chai.

Wiki ya pili mtungi wa gesi ukakwisha, chai yangu ikiwa haijachemka. Nikatambua sina nambari ya mtu wa gesi, wala sijawahi kuwa nayo. Kumpigia yeye haifai tena. Nikampigia kaka yake mkubwa, nikamwomba amuulize. Akasema ngoja, na simu akaiweka mahali. Nikasikia nyayo, nikasikia mlango, kisha nikaisikia sauti yake kwa mbali. Alikuwa anazitaja tarakimu moja moja, polepole, anazirudia, maana anajua mie nachelewa kuandika. Niliziandika kwenye kalenda, chini ya alama yake ya mwisho.